Divai Nyekundu Baada ya Kufunguliwa: Dalili za Kuharibika na Chanzo Chake, kwa Joto la Mombasa

Maelezo mengi tunayosoma kuhusu kutunza divai nyekundu yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Husema divai nyekundu haiwekwi kwenye friji, eti ikae kwa joto la chumba. Chumba kilichokuwa kikizungumziwa ni cha nyumba za zamani za Ulaya, zenye kuta za mawe, ambamo joto halikuzidi sana nyuzi 18. Chumba cha Tudor au Kisauni, mitaa yetu ya Mombasa, wakati wa kaskazi hufika nyuzi 30 na zaidi, feni ikizunguka usiku kucha. Basi niseme msimamo wangu mapema: hapa Mombasa divai nyekundu iliyofunguliwa ni ya friji, mwaka mzima, hata Julai kusi ikivuma na watu wakitafuta shuka.

Nimefanya kazi ya baa katika hoteli za ufuo wa kaskazini kwa miaka, na majirani huniletea chupa wakiuliza kama bado inanyweka. Wengi huwa wameshailaumu bei au duka. Mara nyingi divai haikuwa na kosa. Iliachwa juu ya kabati la jikoni, nusu chupa ikiwa hewa, karibu na jiko. Hewa na joto ndivyo vyanzo vya karibu kila dalili iliyo hapa chini, na zile chache ambazo havihusiki nimezionyesha.

Pima kwanza

Mimina kidogo tu kwenye glasi safi isiyonuka sabuni. Tandika karatasi nyeupe mezani, inamisha glasi juu yake, utazame ukingo, pale divai inapokuwa nyembamba. Divai changa iliyo nzima huwa na ukingo wa zambarau au mwekundu wa kung'aa. Ukiona rangi ya kahawia au ya matofali kwenye divai ambayo juzi ilikuwa ya zambarau, hewa imeshafanya kazi yake. Nusa kabla hujaitikisa glasi, kisha itikise, unuse tena. Mwisho onja funda dogo, ukae nalo ulimini kabla ya kumeza. Kama chupa imetoka kwenye friji sasa hivi, subiri kwanza, maana baridi huficha harufu, nzuri na mbaya.

Inanuka siki, na ukimeza inawasha koo

Hii ndiyo dalili niletewayo kuliko zote. Kuna bakteria wa jamii ya Acetobacter ambao huchukua alkoholi, wakaigeuza asidi asetiki kwa msaada wa oksijeni. Asidi hiyo ndiyo siki yenyewe. Mwaka 1863 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alimwomba Louis Pasteur achunguze kwa nini divai za nchi yake zilikuwa zikiharibika, na uchunguzi huo ukathibitisha kwamba ni viumbe hai wadogo wanaofanya kazi hiyo. Watu wa Pwani tunalijua jambo hili kwa tembo la mnazi: linalogemwa asubuhi likiwa tamu, kesho yake kali, na likiachwa zaidi ni siki ya kutia kwenye mchuzi. Divai huenda njia ile ile, ila taratibu, kwa kuwa ina alkoholi nyingi zaidi na mara nyingi imetiwa salfaiti kuilinda.

Bakteria hawa wanahitaji mambo mawili kutoka kwako: hewa ndani ya chupa, na joto. Tuanze na hewa. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Ukishakunywa nusu, mililita 375 za nafasi tupu zimejaa hewa, na katika hewa hiyo oksijeni ni karibu mililita 80. Kuziba chupa vizuri kunazuia hewa mpya, lakini ile iliyokwisha kuingia umeifungia humo humo pamoja na divai. Ndiyo maana mtu huniapia kwamba alikaza kifuniko, naye anasema kweli, na divai imechacha vile vile.

Upande wa joto, kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, mabadiliko huenda kwa kasi karibu maradufu. Kutoka nyuzi 5 za friji hadi nyuzi 30 za jikoni, unaongeza kasi zaidi ya mara tano. Kinachoweza kuchukua siku nne ndani ya friji kinaweza kutokea mezani kabla ya kesho jioni.

Halafu kuna vile vijinzi vidogo vya matunda. Msimu wa maembe, Novemba kuendelea, nyumba yenye kapu la ngowe au boribo huwa navyo tele. Harufu ya siki huviita, navyo hubeba bakteria wa siki miguuni na mwilini. Kijinzi kimoja kikizama kwenye chupa uliyoacha wazi ukila, umepandiwa mbegu ya siki. Ziba kila baada ya kumimina, hata kama unajua utamimina tena baada ya robo saa. Futa pia tone linaloteremka shingoni, kwa kuwa hapo ndipo vinapotua kwanza.

Dawa yake ni ya kuzuia, kwani divai iliyokwisha kuwa siki hairudi. Na njia ya kuzuia ninayoiamini kuliko kifaa chochote cha dukani ni chupa ndogo. Tafuta chupa ya kioo ya mililita 375, au iliyo karibu na hapo, yenye kifuniko cha kuzungusha kinachokaza. Ioshe kwa maji moto, ikauke kabisa, uinuse kuhakikisha haina harufu ya kitu kilichokuwemo. Siku unayofungua chupa kubwa, kabla hujamimina hata glasi ya kwanza, jaza ile ndogo. Inamishe, divai iteremke ubavuni bila kutoa povu, ujaze hadi mdomoni kabisa, kiasi kwamba ukikaza kifuniko tone moja linafurika nje. Futa, weka kwenye friji. Humo ndani hamna nafasi ya hewa. Nusu hiyo hukaa wiki nzima ikiwa na ladha yake, na nusu iliyobaki kwenye chupa kubwa ndiyo ya leo. Ukingoja hadi mwisho wa chakula ndipo uhamishe, bado inasaidia, ila divai itakuwa imeshakaa saa tatu ikivuta hewa.

Chupa za plastiki za maji zinafaa kwa siku moja au mbili tu, kwa sababu plastiki yenyewe hupitisha oksijeni kidogo kidogo.

Inanuka dawa ya kuondoa rangi ya kucha

Huyu ni ndugu yake siki. Bakteria wale wale, pamoja na baadhi ya chachu, hutengeneza ethili asetati, na pua huipata hata kabla ya ukali haujasikika ulimini. Ikiwa harufu ni hafifu sana, iache glasini dakika kumi uone kama inatoweka. Ikiwa imejaa glasi nzima, usiihangaikie.

Haina ukali wala harufu mbaya, ila imekufa

Hakuna siki, hakuna uchafu, lakini ile harufu ya matunda uliyoisikia siku ya kwanza haipo. Rangi imefifia, na ukinusa vizuri unapata tofaa lililokatwa likaachwa hadi likawa kahawia. Hapa bakteria hawahusiki. Oksijeni imeifanya alkoholi itoe asetaldehaidi, na imezigusa pia rangi na manukato ya divai.

Aina ya divai ina neno hapa. Nyekundu nyepesi, kama zile za Pinot Noir, huchoka baada ya siku mbili au tatu kwenye friji. Nzito zenye tanini nyingi (ile chachu kavu ya maganda ya zabibu inayokausha ulimi), kama Cabernet Sauvignon, Shiraz au Pinotage ya Afrika Kusini, hustahimili siku tatu hadi tano, kwa kuwa tanini hunyonya sehemu ya oksijeni. Tena zipo changa na kali ambazo siku ya pili huwa laini kuliko ya kwanza, kwa hiyo usiogope kuonja. Divai ya zamani, iliyokaa miaka kumi au zaidi chupani, inyweni usiku ule ule na wenzako. Zilizoongezwa alkoholi, kama port yenye asilimia 19 au 20, hukaa wiki kadhaa.

Kosa linaloharakisha hali hii ni kuilaza chupa. Wengi wamesikia kwamba divai hulazwa, na ni kweli kwa ile isiyofunguliwa yenye kizibo cha mti, ili kizibo kisikauke. Ikishafunguliwa isimame wima. Ikisimama, divai inakutana na hewa kwenye duara dogo tu. Ikilala, uso wote wa ubavu unaguswa, na kizibo kilicholegea kinavujisha juu ya mboga zako.

Watu huniuliza kuhusu zile pampu za mkono zenye kizibo cha mpira. Zinapunguza hewa, haziiondoi yote, na mpira ukizeeka hewa hurudi polepole. Kama unayo, itumie pamoja na friji. Kama huna, nunua divai kwa pesa hiyo na utumie chupa ndogo. Kijiko kilichoning'inizwa shingoni hakizuii chochote.

Imetoka kwenye friji, sasa chungu na inakausha ulimi

Mpwa wangu aliniletea glasi siku moja akiwa amekunja uso. "Mjomba, hii imeharibika, inakausha mdomo."

"Hapana mama, imepoa tu. Iache hapo mezani tule kwanza."

Tulipomaliza wali akaionja tena, akaimaliza. Baridi hufanya tanini isikike kali na manukato yajifiche, na hiyo ndiyo sababu ya ule usemi kwamba nyekundu haiwekwi kwenye friji. Ni ushauri wa namna ya kuinywa, ukageuzwa kuwa ushauri wa namna ya kuitunza. Itunze kwa baridi, itoe kabla ya kunywa. Ulaya huambiwa wangoje saa nzima au karibu yake. Kwetu glasi iliyomiminwa huwa tayari baada ya dakika 10 hadi 15, na chupa yenye divai nyingi baada ya nusu saa. Usiisahau mezani ukipiga soga, kwa kuwa ikipita nyuzi 20 na kitu alkoholi ndiyo inayotangulia puani, na divai inaonekana nzito na ya moto. Ladha nzuri ya nyekundu iko kati ya nyuzi 14 na 18, na hapa Mombasa utaipata tu ikitokea kwenye baridi.

Kuna vichembe vinavyong'aa chini ya glasi

Wengine hudhani ni vioo vilivyovunjika. Ni chumvi ya asidi ya tatariki na potasiamu iliyomo kwenye zabibu, nayo huganda divai ikipoa. Haina madhara. Isimamishe chupa, mimina taratibu, acha funda la mwisho chupani. Ile tope nyeusi laini ya divai za zamani nayo ni rangi na tanini zilizozama. Hali ni hiyo hiyo.

Ina mapovu, au kifuniko kimetoa mlio

Divai tulivu haipaswi kuchemka ulimini. Ikifanya hivyo siku kadhaa baada ya kufunguliwa, uliza kwanza kama ni ile nyekundu tamu, ambayo watu wengi hapa huipenda. Sukari iliyobaki ndani ni chakula cha chachu, na chachu ikipata joto na sukari huanza kazi upya, ikitoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ukiitazama ukaona haing'ai tena, inabubujika, na utamu umepungua, ndiyo hiyo. Haikuui, lakini si ile uliyoinunua. Divai tamu watu huidhani inajilinda kwa sukari yake, wakaiacha kabatini. Iweke kwenye friji kama nyingine.

Ila kama mapovu ni machache sana na yalikuwepo tangu dakika ya kwanza ulipofungua, hiyo ni gesi kidogo iliyoachwa kiwandani. Zungusha glasi, itaondoka.

Inanuka samaki, kitunguu au friji

Kizibo kimekatika, au umekirudisha kikiwa kimegeuzwa, upande mkavu ukiingia ndani. Upande uliokuwa umelowa divai ndio urudi chini. Ule wa juu umeshikwa na mikono na vumbi. Kikikataa kuingia kwa kuvimba, usikichonge kwa kisu. Tumia kifuniko cha kuzungusha cha chupa nyingine kinacholingana, au chupa ndogo niliyoieleza. Karatasi ya plastiki iliyofungwa kwa mpira ni ya dharura ya usiku mmoja.

Mahali pa kuiweka ndani ya friji pana maana pia. Mlangoni hupata joto kila mtoto anapofungua kutafuta maji. Isukume nyuma, rafu ya chini. Na stima ikikatika usifungue friji ovyo. Mlango ukibaki umefungwa baridi hudumu karibu saa nne, nayo inatosha mara nyingi hadi stima irudi.

Imegandishwa kwa bahati mbaya

Mtu huitia friza ipoe haraka, akasahau. Divai huganda karibu na nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ikavimba, kizibo kikasukumwa au kioo kikapasuka. Kama kioo kimepata hata ufa mwembamba, tupa yote. Kama ni kizima, iyeyushe ndani ya friji. Itakuwa imepoa ladha kidogo, ila jikoni bado inafaa. Kugandisha kwa makusudi ni jambo zuri kwa anayepikia divai: jaza kwenye trei ya barafu, kisha tumia kipande kimoja kimoja kwenye mchuzi wa nyama.

Ni ya kasha la lita 5, na ya mwishoni imechacha

Wazo la kutia divai ndani ya mfuko kwenye kasha lilisajiliwa na Thomas Angove wa Australia mwaka 1965. Uzuri wake ni kwamba mfuko hunywea kadiri unavyomimina, hewa isipate nafasi ya kuingia. Kwa utunzaji mzuri hukaa wiki nne hadi sita baada ya kufunguliwa. Lakini muda huo haukuhesabiwa kwa kasha lililo juu ya friji, pale ambapo mota inapuliza joto mgongoni mwake. Liingize ndani. Kama haliingii, toa mfuko kwenye kasha, uulaze rafuni bomba likitazama juu, usiguse kitu chenye ncha. Plastiki ya mfuko hupitisha hewa kidogo hata kabla hujaufungua, kwa hiyo tazama tarehe upande wa kasha kabla hujalipa. Lililokaa mwaka rafuni kwenye duka lisilo na kiyoyozi utalikuta limechoka tangu glasi ya kwanza. Na mdomo wa bomba uufute kila siku, tone linalokauka hapo ni karamu ya vijinzi.

Inanuka karatasi ya boksi iliyolowa, au kitambaa kilichokaa majini

Hapa hukufanya lolote. Ni kemikali iitwayo TCA, inayotokana na ukungu kwenye kizibo cha mti, na ilikuwemo kabla hujaifungua. Dalili yake ni kwamba matunda hayasikiki kabisa, na ikikaa glasini harufu inazidi badala ya kupungua. Haidhuru mwili. Irudishe kizibo, uipeleke dukani siku ile ile pamoja na risiti, ikiwa bado imejaa karibu yote. Duka linalojua kazi yake hubadilisha. Chupa za kifuniko cha kuzungusha ni nadra sana kuwa na tatizo hili, na kwa mji wenye unyevu kama huu ninapendelea hizo kwa matumizi ya nyumbani.

Inanuka yai viza au kiberiti kilichowashwa

Divai imekosa hewa, haikuizidi. Ni salfa, na huwapata hata watengenezaji hodari. Imimine kwenye jagi kutoka juu, itikise, ngoja robo saa. Mara nyingi huondoka. Hii ndiyo dalili pekee hapa ambayo hewa ni dawa yake, kwa hiyo usiichanganye na siki ukaharakisha kuimwaga.

Ina utando mweupe juu

Inamisha chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona utando mwembamba unaovunjika vipande, hizo ni chachu za juu ya maji, zinazokua panapokuwa na hewa na joto. Mwaga. Usiichuje wala kuipikia. Ukiona manyoya ya kijani au meusi shingoni, mwaga pia, na chupa usiitumie tena kuhifadhia.

Imechacha kweli, nifanye nini nayo

Divai iliyogeuka siki bila utando wala ukungu haina sumu, kwa kuwa asidi na alkoholi haviwapi nafasi vijidudu vya magonjwa. Ichanganye na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, ulaze nyama ya mishkaki usiku mmoja ndani ya friji, kwenye bakuli la kioo au la udongo. Sufuria ya alumini huliwa na asidi ikaipa nyama ladha ya chuma. Kwa kachumbari ionje kwanza, maana mara nyingi bado ina alkoholi ambayo haijageuka, na mgeni asiyekunywa anastahili kuambiwa kabla sahani haijapita mbele yake. Chupa iliyokuwa na siki usiitumie tena kwa divai nzima, hata ukiiosha. Bakteria wachache wakibaki kwenye nyufa za kifuniko wanatosha kuanza upya.